Kijiji Tulichokariri

Nikinusa risasi ya kulehemu ikiyeyuka juu ya bati, mimi hukasirika. Wenzangu harufu za utotoni huwaletea machozi matamu. Mimi huniletea hasira, tena hasira mbichi, ya mtoto wa miaka kumi aliyesimamishwa juani arudie majina ya mito na ya wilaya. Wiki iliyopita nilipita sokoni, fundi mmoja alikuwa anaziba tundu la ndoo, moshi ukanipiga puani, na kabla sijajijua mdomo wangu ulikuwa unasema peke yake: Bafwasende, Banalia, Basoko, Isangi, Opala, Ubundu, Yahuma. Mwenye ndoo akaniangalia akadhani nina wazimu. Sikumlaumu.

Nyinyi wa rika langu mliokulia Kisangani mnazijua fomu zetu. Ukitaka karatasi yoyote ile, wanakuuliza jina, halafu wanashuka nawe ngazi kwa ngazi: province, ambayo ni mkoa, territoire, ambayo ni wilaya, secteur, groupement, kijiji. Kijiji lazima kiwepo. Uwe umezaliwa mjini, baba yako amezaliwa mjini, babu yako amezikwa mjini, haidhuru. Kile kisanduku cha chini kabisa hakikubali jina la mji. Asiye na kijiji ametoka kwingine, na aliyetoka kwingine ni mgeni, basi. Aliyeibuni fomu hiyo sijui alikuwa amekula nini asubuhi hiyo.

Sisi hatukuwa na kijiji. Ukoo wetu ni wa wale Waislamu wa zamani wa mji huu, ambao mababu zao walifika na misafara ya biashara, wakajenga, wakaoa, wakazikwa hapahapa. Baba wa babu yetu alikuwa fundi chuma wa msafara. Alitoka wapi hasa hakuna aliyejua, na nadhani hata yeye mwenyewe hakujua, kwa sababu alichukuliwa kwao akiwa mdogo mno. Lakini hayo yote mimi sikuyajua wakati ule. Nilichokijua ni kwamba tuna kijiji kinaitwa Batiambili, kiko territoire ya Ubundu, na kwamba papa, baba yetu, alikuwa amenunua daftari jipya la kurasa sitini na kuandika juu yake kwa herufi kubwa: KWETU.

Papa alikuwa fundi wa malle, yale masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Alikuwa akifanyia kazi mbele ya nyumba yetu kule Kabondo, chini ya kipaa cha mabati, na kelele zake zilijulikana avenue nzima. Mtu mpole, wa maneno machache, ambaye hasira zake zote aliziweka kwenye nyundo. Lile daftari liliingia nyumbani kwa sababu ya dada yangu mkubwa, Yaya Mwajuma. Yaya alikuwa amemaliza shule na alama za kuwafumba watu midomo, akachaguliwa kwenda kusomea famasia ng'ambo, huko kaskazini kwenye nchi za Waarabu, kila kitu kimelipwa. Kilichobaki ni karatasi moja tu, cheti cha uraia, na kilitakiwa kabla ya mwisho wa mwezi uliofuata. Bila cheti, nafasi yake inakwenda kwa mtu anayemfuata kwenye orodha. Mama alishaanza kumkaangia samaki wa kubeba.

Sasa, kupata cheti kile, watu kama sisi tulikuwa tunaulizwa. Mwenye jina la Bosongo au Lifoko hakuulizwa kitu. Mwenye jina la Amisi, kama papa, aliulizwa mpaka jasho limtoke. Jirani aliyetutangulia ofisini alimwambia papa siri moja: yule agent wa pale anapenda kuuliza watoto. Mkubwa anaweza kununua hadithi, anasema, lakini mtoto hasemi ila anachokijua. Kwa hiyo papa akanitazama mimi. Nilikuwa wa kwanza darasani kwa kukariri, na nilijisifu kwa jambo hilo kuliko ilivyompasa mtoto yeyote.

Kila siku nikitoka shule, hata kabla sijavua uniform, papa ananiita. Nasimama mbele ya meza yake, yeye anakunja bati, mimi natema maneno.

"Kwetu ni wapi?"

"Batiambili, papa."

"Iko ku mukono gani ya fleuve?"

"Ya kushoto, papa."

"Gari ya moshi ya Ubundu inatembea kilometre ngapi?"

"Mia moja na makumi mbili na tano, papa."

"Inchi gani zinapakana na province?"

"Centrafrique, Sudani ya Kusini, Uganda."

Nikikosea, hanipigi. Analipiga bati. Paa! Halafu anasema, "Anza tena ku mwanzo," na mimi naanza tena, jua la saa nane liko utosini, nzi wako miguuni, watoto wenzangu wanaruka kamba hatua ishirini tu kutoka pale. Nilikuwa nachukia, wallahi. Nilijifunza secteur zote za Ubundu, mito inayoingia fleuve, ule mto wetu mkubwa, upande huu na upande ule, maporomoko mangapi kati ya Ubundu na Kisangani, chef wa sasa, yaani mkuu wa kijiji, chef aliyepita, na chef aliyempita huyo. Papa alikuwa ameyaokota kwenye kitabu cha jiografia kilichopasuka jalada, na kwa madereva wa pikipiki wanaoleta mchele kutoka kule. Mama alikuwa akitoka jikoni na donge la lituma, ndizi za kuponda, mkononi, "Amisi, acha mutoto akule, muto hautakimbia," na papa anamjibu bila kuinua kichwa, "Muto hautakimbia, lakini mwezi unakimbia."

Mimi nilidhani ni mtihani wa shule kama mitihani mingine. Na kwa kuwa katika akili yangu hakuna mtihani usio na faida, nilishajitengenezea kijiji kamili. Batiambili yangu ilikuwa na bibi mwenye mbuzi wanane. Wawili nilishawapa majina. Nilidhani tukifaulu tutapandishwa treni twende kuishi huko, ndiyo maana tunajifunza kila kitu mapema, tusije tukapotea njiani. Nilichukua malle moja iliyoharibika pembeni, nikaficha humo magauni yangu mawili na kitana. Hakuna aliyeniambia vinginevyo, kwa sababu hakuna aliyeniuliza ninafikiri nini.

Aliyenichosha kupita papa ni Yaya. Cheti ni chake, safari ni yake, lakini yeye hakukariri hata mstari mmoja. Anaosha vyombo, anaimba. Papa akimwita, anakuja, anasimama kwa adabu, na akiulizwa kwetu ni wapi anasema, "Papa, unajua vizuri." Papa anaangalia bati lake, anamwacha. Yaani mimi napigiwa nyundo kwa kusahau mto mmoja, yeye anaachwa! Siku moja nikashindwa kuvumilia, nikapayuka, "Papa, Yaya hajui hata secteur! Ni muvivu!" Yaya akanivuta sikio, si kwa nguvu, akaniinamia.

"Weye mutoto, unasoma mambo ya batu."

"Ni mambo ya kwetu!"

"Aya," akasema. "Soma, basi."

Nilimwona mvivu na mwenye majivuno, na nilijiambia siku ya ofisini nitamwaibisha kwa kujibu vizuri hata yeye atamani ardhi ipasuke.

Siku ikafika. Papa alivaa kanzu, mama akamwambia, "Unaenda kuomba kuwa Mukongomani na kanzu?" Akaivua, akavaa shati la kitenge na viatu vya kufunga vilivyokuwa vinambana. Tulikwenda watatu kwa toleka, zile baiskeli zetu za kubeba watu, mimi na Yaya kwenye moja, papa kwenye nyingine, daftari liko kifuani mwake chini ya shati. Ofisini benchi limejaa. Karibu yetu alikaa mfanyabiashara mmoja wa kutoka Butembo, kule milimani mashariki, msalaba mdogo shingoni, na kitoto chake cha kike, rika langu hivi, mashavu yamejaa mikate. Walikuja kwa karatasi ileile.

Agent alikuwa mnene, kitambaa amekizungusha shingoni kwa jasho, sauti yake ya taratibu, hata ya upole. Akasoma jina la papa. Akalisoma tena. Akaniona mimi, akatabasamu.

"Alors, mama, weye unaitwa nani? Bon. Na kwenu ni wapi?"

Nikajua saa yangu imefika. Nikaunganisha visigino kama shuleni, nikaanza. Nilianzia province nikashuka mpaka kijiji, nikapanda tena kutoka kijiji mpaka province. Nikampa mipaka. Nikampa mito. Agent akainua kalamu, akaishusha. Nikampa reli na kilomita zake. Papa akakohoa. Nilidhani ananikumbusha kwamba nimesahau machef, nikampa machef watatu kwa mpangilio. Papa akakohoa tena, kwa nguvu, mimi nikaongeza maporomoko saba. Watu kwenye benchi walikuwa wananisikiliza. Nilipomaliza, nilimtupia Yaya jicho la ushindi. Sikukosea hata neno.

Agent akaiweka kalamu mezani. Halafu akageuka kwa kile kitoto cha mfanyabiashara.

"Na weye, mama? Kwenu ni wapi?"

Kitoto kikameza. "Kwa koko," kikasema, yaani kwa bibi yake, maana kwetu koko ni bibi na ni babu pia.

"Na koko iko wapi?"

"Kule kwenye baridi."

Ofisi nzima ikacheka, kicheko cha mapenzi. Agent akacheka mpaka kitambaa kikamwanguka shingoni. Akavuta dosye ya yule mfanyabiashara, ambaye hata zamu yake haikuwa imefika, akapiga muhuri. "Huyu njo mutoto," akasema, yaani huyu ndiye mtoto. "Mutoto ya kweli haijui kitu."

Kisha akatugeukia sisi, na tabasamu likawa limekwisha.

"Papa Amisi. Mimi nilizaliwa kijijini, nikakomalia kule. Mipaka ya secteur yetu siijui. Huyu mutoto anaijua ya kwenu yote. Juu ya nini?"

"Monsieur, anapendaka masomo tu..."

"Bageni njo banasomaka inchi, papa. Mwenye inchi anaikaa."

Sikuelewa. Nilimwangalia papa nikingoja anisifu, na papa alikuwa anaangalia mikono yake, ile yenye makovu madogo ya risasi ya moto. Nilijua kuna kitu kibaya, lakini nilidhani nimeruka mto. Nikaanza kuihesabu upya kimoyomoyo.

Agent akafungua dosye ya Yaya. "Na binti anaenda kusoma wapi? Ah. Kwa Barabu." Akaifunga taratibu. "Bon. Donc anarudia kwao."

Hapo Yaya akasimama. Nakumbuka alivyojifunga kitenge upya kiunoni kabla ya kusema, kama mtu anayetaka kuinua mzigo.

"Monsieur, kwetu ni hapa. Papa alizaliwa hapa. Koko alizaliwa hapa. Batu yetu yote inalala hapa, nitakuonyesha makaburi moja moja. Ile kijiji ni ya muke ya kwanza ya koko. Alikaa naye miezi ine, akamukimbia. Siku ile ya kuandika batu, koko aliambiwa, taja kijiji. Alisema hapana, niko mutu ya mujini. Baliambia yeye, papa, taja tu kijiji, yoyote. Hakujua ingine. Akataja kwa bakwe zake ya zamani."

Benchi zima likatutazama. Halafu agent akapasuka. Akacheka, benchi likacheka, mpaka mlinzi wa mlangoni akaingiza kichwa kuuliza kuna nini. "Donc muko bashemeji ya Ubundu!" agent akasema, anajifuta macho. "Tena bashemeji bamekimbiwa!" Papa hakucheka. Papa alikuwa na miaka hamsini na kitu, na siku ile nilimwona akiinama kama mtoto aliyevuliwa nguo sokoni. Nilitaka kulia na nilitaka kumng'ata Yaya, vyote pamoja.

Niseme haki, agent hakuwa mtu mbaya. Alipotulia alimwambia Yaya maneno ambayo mpaka leo yananikera kuliko kile kicheko. "Mademoiselle, mimi ninakuamini. Lakini nikiandika Kisangani hapa, chef yangu atanirudishia. Kisanduku inaomba kijiji. Muniletee karatasi ya chef wa kule, aseme anawajua, mimi nitaandika." Yaani ukweli aliusikia, akauamini, ila haukuwa na mahali pa kuuandika. Kwa hiyo tukarudishwa kwenda kuutafuta uongo wenye saini.

Tulirudi kwa miguu, papa mbele. Nilimfuata Yaya nikimkanyaga visigino makusudi. Nilikuwa nimejibu yote! Yote! Yeye hakujibu hata moja, na alipofungua mdomo akaiangusha nyumba. Tulipofika karibu na nyumbani nikamwambia kitu ambacho sijakisahau. Nikamwambia, "Weye njo mugeni. Sisi hatuko bageni. Weye peke yako." Yaya hakunivuta sikio. Aliendelea kutembea.

Siku ya pili papa alipakia nyundo, mkasi wa bati na risasi kwenye baiskeli yake, akavuka mto mpaka Lubunga, akashika njia ya Ubundu. Treni haikuwapo, treni ile niliyoikariri ilikuwa imeharibika tangu lini sijui. Siku kumi na moja. Mama alihesabu kwa vidole, Yaya hakuhesabu kwa sauti. Aliporudi alikuwa mweusi kwa jua, amekonda, lakini anacheka, jambo ambalo hatukulitegemea. Batiambili ilikuwepo kweli. Ndugu za yule mwanamke wa kwanza walimpokea kwa kelele, wakamwita mjukuu, wakamchinjia kuku, wakamweleza kuwa yule bibi alimkimbia koko kwa sababu ya kelele za nyundo alfajiri. Halafu chef akamwambia, karatasi utapata, lakini kwanza tazama paa langu. Papa akaziba paa la chef. Akaziba paa la zahanati. Akaziba sufuria za kijiji kizima. Siku ya tisa chef akatia saini.

"Alikuuliza nini?" mama akauliza.

"Hakuniuliza kitu," papa akasema. "Hata jina ya mutoto hakuuliza."

Nilimsubiri amalize, nikamuuliza mimi lililo la maana. Je, aliwaona wale mbuzi? Papa hakunielewa. Nikaenda nyuma nikatoa magauni yangu kwenye malle.

Zilikuwa zimebaki siku nane. Papa akaenda ofisini na karatasi ya chef, ameifunga kwenye plastiki. Alirudi kabla ya saa sita, akakaa kwenye kigoda chake bila kugusa chombo. Province ilikuwa imekatwa. Ndiyo, jamani, imekatwa! Wakati yeye anaziba sufuria kule Ubundu, wakubwa wa Kinshasa walikuwa wameichukua Province Orientale na kuigawa vipande vinne, na sisi tukaamka tuko Tshopo. Agent alimwonyesha meza. Muhuri wa zamani haufai tena, una jina la province iliyokufa. Muhuri mpya haujafika. Karatasi zote zimelala kwenye droo zinangoja muhuri.

"Utafika lini?"

"Papa, mimi mwenyewe niko ninaungoja."

Mimi nililia siku ile, nalia kwa hasira zangu za kitoto, kwa sababu daftari zima lilikuwa limeharibika. Sudani haikuwa yetu tena, Uganda haikuwa yetu tena. Tshopo haipakani na nchi ya nje hata moja. "Nani amechukua Sudani yangu?" nilipiga kelele, na mama, pamoja na uchungu wake wote, alicheka mpaka akakaa chini. Papa alilichukua daftari, akapiga mstari juu ya kurasa saba, akaanza kuandika territoire za Tshopo. Ubishi wake ulikuwa mkubwa kuliko akili yake, Mungu amrehemu. Nikasimamishwa tena juani.

Kila asubuhi alikuwa akienda kuuliza muhuri. Aliacha malle za watu hazijamalizika, wanafunzi wakaja na wazazi wao kugombana. Yaya alimwambia, "Papa, pumuzika," akamjibu, "Leo utafika." Haukufika. Siku ya nane ilipita kama siku nyingine yoyote, nilikwenda shule, nikarudi. Siku mbili baadaye simu ya Yaya ikalia. Alikuwa anachambua majani ya pondu, yaani kisamvu. Alijifuta mkono, akasikiliza, akasema, "Ndiyo. Nimeelewa. Merci, monsieur." Akaiweka simu kwenye dirisha, akaendelea kuchambua. Mama aliuliza jikoni, "Ni nani?" na Yaya akasema, "Ni bale ba bourse. Bamechukua mwingine." Mama akatoka amekishika kichwa. Papa aliendelea kupiga bati lakini nyundo ilikuwa haifuati mapigo yake.

Msinihurumie mimi, mimi sikuelewa. Nilidhani bourse, ule ufadhili wa masomo, ni kitu kinachopita kila mwaka kama sikukuu. Nilidhani mwaka ujao Yaya atakwenda. Leo anauza dawa katika famasi ya mtu mwingine, anasoma mwandiko wa madaktari ambao madaktari wenyewe hawausomi, na bosi wake anamwita "petite", kana kwamba ni mtoto. Ana akili ya kutosha kuwa na famasi tatu. Nikifikiri hivyo natamani nimtafute yule aliyechora kile kisanduku cha chini, nimsimamishe juani, nimuulize mito.

Muhuri ulifika wiki mbili baada ya ile simu. Agent mwenyewe alituma mtu kutuita. Papa alikwenda peke yake, akarudi na cheti ndani ya bahasha ya kaki, akakiweka mezani mbele ya Yaya, akatoka nje. Kilikuwa karatasi moja nzuri, nzito, wino wa zambarau bado unang'aa. Jina la Yaya. Jina la papa. Kijiji: Batiambili. Territoire: Ubundu. Province: Tshopo. Na chini yake kwamba huyu ni Mkongomani, bila shaka yoyote.

Yaya alikisoma mpaka mwisho. Akakisoma tena. Akanyoosha vizuri pembe moja iliyokuwa imejikunja, kisha akaniita nikae karibu naye, akakiweka mikononi mwangu.

"Shika," akasema. "Weye njo ulisoma."

Mimi nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi mno. Nilijua hatimaye amekiri kwamba mimi ndiye niliyejibu vizuri. Nilitoka mbio nacho, nikazunguka avenue nzima nikiwaonyesha watoto muhuri, nikimwacha kila mmoja auguse kwa kidole kimoja, na kila nilipogeuka kutazama nyumbani nilimwona Yaya amekaa kizingitini, ananiangalia, na nikampungia mkono.